Mwonjaji wa Nyuma ya Pazia

Baba yangu alikuwa na fahali mwekundu aliyekataa maji. Sisemi alikuwa mgonjwa. Majani alikula vizuri, na majike aliwapanda kama kawaida. Lakini siku moja, kule kwetu upande wa Igowole, tulimfikisha kijitoni, kijito kile kile alichokinywea tangu ndama, akanusa, akainua kichwa, akageuka. Baba akamrudisha. Akanusa tena, akageuka. Wenzake wote wanakunywa. Baba alikuwa mtu wa hasira za karibu. Akakata fimbo akamchapa mpaka mgongo ukavimba. Mimi nililia, nikaambiwa nikalie nyumbani. Siku ya tatu ng'ombe wawili wakaanza kuharisha, mmoja akafa, ndipo watu wakakifuata kijito kwenda juu wakamkuta fisi ameoza katikati ya mawe, maji yanapita mbavuni mwake.  Jioni Baba aliingia zizini akasimama mbele ya yule fahali muda mrefu, mkono juu ya pembe. Nilidhani atamwambia kitu. Sasa ng'ombe unamwambia nini? Mwezi ule ule akamuuza, na mama alipouliza sababu, alisema hawezi kumtazama machoni.

Kuchunga ng'ombe hao ndiko kulikonitoa shule. Nilisoma miaka miwili tu kwa masista, kwa hiyo mtanivumilia mpangilio. Naandika kama ninavyoongea, na nikiongea huwa napotea njia. Fahali yule nilimsahau miaka mingi. Nilikuja kumkumbuka nikiwa mtu mzima, mjane, nimesimama nyuma ya pazia katika duka la mvinyo pale Iringa mjini, namtazama mtu aliyekuwa na kinywa cha namna ile ile.

Jina lake silitaji. Kwao wapi, mama yake nani, alizaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa njaa, hayo sikumwuliza na yeye hakusema. Tulimwita Mwonjaji, tena kwa sauti ya chini, maana kazi yake ilikuwa ya kifungo.

Lazima nieleze hapo, vijana hawajui. Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, sheria ilimkataza mtu mweusi kugusa mvinyo wa kizungu. Pombe ya mtama, ruhusa. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ruhusa, kunywa mpaka ulale mferejini. Lakini divai ya chupa ukikutwa nayo mdomoni unalala ndani, na aliyekupa ananyang'anywa leseni. Duka lilikuwa la Mgiriki mmoja mnene, mtu wa huruma nyingi na woga mwingi. Aliagiza divai za Ufaransa za kila jimbo: Bordo, Bugundi, Alzasi, Roni, Lwari. Majina hayo niliyajua kwa masikio kabla ya kuyaona kwenye karatasi za chupa. Zilishuka melini Dar es Salaam, zikapanda treni mpaka Dodoma, halafu zikaja kwa lori kwenye barabara ile ya vumbi na jua. Nyingine zilifika zimekufa. Na chupa haikwambii kama imekufa mpaka uionje.

Sasa kumbe Mgiriki hakuwa na pua. Homa moja ya zamani ilimchukulia harufu na ladha yote. Aliweza kutafuna kitunguu kibichi kama embe asitoe chozi. Muuza mvinyo asiye na pua! Siri hiyo alikuwa nayo mke wake aliyekwisha rudi kwao, na Mwonjaji, na mimi niliyeosha bilauri.

Jumamosi asubuhi wazungu walikuja kuonja: wa tumbaku, wa chai kutoka Mufindi, maofisa wa boma na wake zao. Meza ilitandikwa shuka nyeupe. Mgiriki alimimina, akasema wasubiri kidogo, akapita nyuma ya pazia na bilauri moja. Pazia lilikuwa la kitambaa kinene cha marekani, na Mwonjaji alikaa nyuma yake juu ya kasha. Aliizungusha ile bilauri, akaingiza pua, akavuta funda dogo, akalitembeza kinywani huku amefumba macho, kisha akatema kwenye ndoo ya unga wa mbao. Hakumeza hata mara moja. Mimi ni shahidi. Halafu alinong'ona.

"Hii ni msitu wa Igowole siku ya pili ya mvua. Udongo mweusi, na ule uyoga mdogo wa chini ya magogo. Ni nzima, Bwana, ila bado ina aibu. Iache wazi kwanza."

Mgiriki akatoka akayasema kwa Kiingereza, msitu, mvua, uyoga, nasi tukawasikia wageni wakiguna kwa raha, bibi mmoja akipiga makofi.

"Wanapigia makofi uyoga wa kwetu," Mwonjaji akaniambia. "Wangejua tunaukanyaga tukienda kujisaidia."

Nilicheka mpaka bilauri ikaniponyoka.

Kinywa chake alikitunza kama mwenye ng'ombe mmoja anavyotunza ng'ombe. Pilipili hakula. Kitunguu, Jumapili tu. Mtu akiwasha tumbaku alihama upande wa upepo. Kabla ya kuonja alitafuna tonge la ugali wa jana, lililopoa, bila chumvi, akasukutua kwa maji ya chemchemi ya mlimani aliyoyafuata mwenyewe kwa miguu. Alikuwa na msemo wake: ukitaka kumjua mtu, mpe maji, usimpe pombe, pombe kila mtu anaisifu.

Lakini kinywa hicho kilimpa shida, maana hakikujua kunyamaza. Msibani, watu wamekaa kwa huzuni, yeye anatafuna tonge anasema taratibu, "Unga huu umelala na panya." Waliacha kumwalika. Mimi mwenyewe siku ya kwanza kumpa maharage yangu alitafuna, akaweka kijiko chini.

"Dada, maji haya umeyateka chini ya daraja."

"Na wewe adabu zako umeziteka wapi?"

Akanitazama kama nimemmwagia maji baridi, kisha akacheka, na mtu huyu kucheka kulikuwa haba. Kesho yake nikakuta debe la maji ya mlimani mlangoni kwangu. Kesho kutwa tena. Nami nikajua, maana mjane si mtoto. Haikupita mvua moja akamtuma mshenga kwa kaka yangu.

Msidhani alikuwa malaika. Aliwadharau walevi, lakini Jumapili kwenye ulanzi alikunywa mpaka akaimba, na sauti yake ilikuwa ya mbuzi aliyenaswa kwenye ua. Shati lake lilikuwa viraka vitupu, lakini viatu alivipaka mafuta ya nguruwe aliyoyaomba misheni, ving'ae. Aliweza kukaa siku mbili bila kuongea na mtu aliyemsalimu vibaya. Tena alikuwa na kiburi, kiburi hasa. Nakumbuka makasha ya Alzasi yalivyofika. Mgiriki alisoma barua ya dereva wa lori kwamba njiani pipa la mafuta ya taa lilivuja, akashika kichwa. Mwonjaji akaonja.

"Inanuka mafuta ya taa kwa mbali," akasema.

"Nimekwisha!" Mgiriki akalia. "Tumwage."

"Usimwage. Mafuta haya hayakuingia kwa kizibo. Yamezaliwa humo humo ndani. Angalia yanavyokuja nyuma ya ua na asali. Hivi ndivyo ilivyo kwao."

"Wewe umefika kwao?"

"Bwana, wewe umefika, na huisikii."

Mgiriki akayafunika makasha. Baada ya wiki akapita padri mmoja Mfaransa akielekea kusini, akaonja, akasema maneno yale yale, kwamba divai ya huko ikizeeka vizuri ndiyo harufu yake. Mgiriki akarudi nyuma ya pazia akamshika Mwonjaji mikono yote miwili, machozi yanamtoka. Akamwambia, mbele yangu, "Siku sheria ikilegea, wewe utasimama mbele. Nitawaambia wote ni wewe."

Hilo ndilo alilolitaka. Mshahara hakuwahi kuulalamikia. Aliniambia siku moja tunafunga duka, "Dada, nataka Jumamosi moja tu. Nisimame mbele ya pazia, mtu aseme, ni huyu. Wakishajua, hata wakinifukuza kesho yake, nitakwenda." Aliniambia hayo mimi, akaniuliza, "Wewe si umeona kwa macho?" Nikamwambia nimeona. "Basi nina shahidi," akasema, akaenda zake ameridhika.

Kisha kweli sheria ikalegea. Tuliambiwa mtu mweusi sasa anaweza kunywa divai kama wengine akiwa na fedha yake. Mgiriki alisitasita Jumamosi tatu nzima. Ya nne, Mwonjaji alikuja amevaa koti la kuazima na vile viatu, akasimama kando ya meza kabla hajaambiwa, na Mgiriki akakosa moyo wa kumrudisha nyuma. Wageni waliingia. Bwana Shauri, yule mzungu wa boma aliyeamua kesi, alikuwapo na bibi yake, na watu wa chai. Mimi nilishika sinia la bilauri safi.

Mgiriki akamwonyesha kwa macho amimine. Akamimina Bordo, vizuri, bila tone kudondoka. Sasa hapa nieleze tena. Kwetu sisi Wahehe na Wabena, anayekupa chombo hunywa kwanza yeye. Hata ulanzi kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi, mwenye nyumba hupiga funda la kwanza ndipo akupe, ujue hakuna kitu ndani, moyo wake ni mweupe. Ukimpa mgeni bila kutangulia, umemtukana. Na siku ile Mwonjaji alikuwa mwenye nyumba. Kwa mara ya kwanza alikuwa na wageni. Akainua bilauri, akapiga funda moja la heshima, akameza, naam siku ile alimeza, akampa bibi wa Bwana Shauri kwa mikono miwili.

Yule bibi akarudisha mkono kama ameguswa na moto.

 Bwana Shauri, aliyekijua Kiswahili vizuri, akamwuliza Mgiriki, "Nani huyu? Anakunywa humu dukani tangu lini?"

Mgiriki akawa mwekundu, halafu mweupe. Akisema tangu lini, amekiri miaka yote ya kuvunja sheria. Akaanza kunyoosha shuka ya meza. Bwana Shauri akageuka kwangu.

"Wewe mama. Huyu anafanya kazi gani hapa?"

Mwonjaji akanitazama. Na mimi nawaambia ukweli, alikuwa anatabasamu. Alikuwa ametulia kabisa. Shahidi wake ameulizwa.

Nikasema, "Anafagia, Bwana. Divai haijui. Ni leo tu amejisahau."

Nimelisimulia jambo hili mara nyingi hapa na pale, na kila mara nilisema nilitaka kumwokoa na jela. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine niliogopa kazi yangu, niliogopa kuulizwa na mimi nilijuaje, nilimwogopa mzungu aliyekuwa amenikazia macho. Nusu ipi ilikuwa kubwa sijui. Nimezeeka sijui.

Wageni wakacheka, kile kicheko cha mtu aliyepona ajali. Mgiriki naye akacheka. Bibi akapewa bilauri nyingine. Mwonjaji hakucheka wala hakukasirika. Tabasamu lilimkaa usoni kidogo, kama mgeni asiyejua pa kuketi, kisha likaondoka. Akaweka chupa mezani, akaenda pembeni, akachukua ufagio, akaanza kufagia sakafu iliyokuwa safi.

Alifagia wiki mbili. Alikuja saa ile ile, akafagia, akaondoka. Makasha yakafika ya Roni, Mgiriki akamletea bilauri nyuma ya pazia.

"Onja, ndugu yangu. Nakuomba."

"Mimi nafagia, Bwana."

"Nitawaambia! Jumamosi nitawaambia wote!"

"Bwana, sogeza mguu nifagie hapo."

Mimi nilimpikia maharage kwa maji ya mlimani niliyoyafuata mwenyewe. Akala yote, akanishukuru, hakusema yako vipi. Hapo ndipo nilipolia, maana mtu yule kumaliza sahani bila neno ni kwamba amekwisha kwenda. Jumatatu hakuja. Mshenga wake hakurudi kwa kaka yangu, wala hakuja kuvunja posa. Neno likabaki hewani hivyo hivyo, na mpaka leo hakuna aliyelishusha.

Mgiriki akauza chupa zilizokufa pamoja na zilizo hai, hajui ipi ni ipi. Wageni wakapungua. Mwisho akafunga duka akarudi kwao.

Watu wa mabasi ndio walioniambia Mwonjaji yuko Mbeya. Nilikaa na habari hiyo mwaka na zaidi, naipanga kichwani nitakavyosema. Kisha nikapanda basi, nikafika Mbeya na vumbi la barabara ya Igawa masikioni, nikauliza sokoni, nikaelekezwa duka la mchele la tajiri mmoja Mwislamu, asili yake pwani, mzee mpole mwenye ndevu za hina. Mchele wake ulitoka Ubaruku kwa magunia. Nikaingia. Tajiri alikaa kwenye kiti chake na tasbihi, wachukuzi wawili wamejilaza juu ya magunia, na mtu mmoja wa kanzu na kofia alikuwa ameinama, anafagia punje zilizomwagika. Nilimjua kwa mgongo.

"Kamwene," nikamsalimu kwa lugha ya kwetu.

Ufagio ukasimama. "Kamwene, dada."

"Ustadhi, kumbe una wageni!" mchukuzi mmoja akasema. Nikaelewa kuwa amesilimu, na kwamba wanampenda. Shingoni alikuwa na funguo kwenye kamba. Baadaye nikaambiwa ni za msikiti, yeye ndiye aliyeufungua alfajiri na kuusafisha.

Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi pembeni, sisi wawili. Lakini nilipouona ule ufagio mkononi mwake, na watu wamekaa wanatazama, nikajiambia, hapa hapa. Nilimkana mbele za watu, nitamkiri mbele za watu.

"Waungwana, mnajua huyu ni nani?"

"Mfagiaji wetu," tajiri akasema akicheka. "Ametuambia hata huko Iringa alikuwa mfagiaji. Na kwa kweli, mama, msikiti wetu haujapata kuwa safi namna hii."

"Huo ni uongo," nikasema. "Na mimi ndiye niliyeutunga. Huyu alikuwa mwonjaji. Miaka na miaka alionja divai zote za Ufaransa, Bordo, Bugundi, Alzasi, na wazungu wa Iringa nzima walikuwa wanasifu kinywa chake bila kujua. Funda moja tu anakwambia mlima ilikotoka. Niliulizwa nikamkana. Leo nasema: ni huyu."

Nilisema kwa nguvu, kifua wazi. Kwa muda wa pumzi moja nilijisikia mwepesi kama msichana. Kisha nikaziona nyuso zao.

Mchukuzi akajipiga paja. "Kumbe! Ustadhi wa chupa!"

"Ndiyo maana kila siku anasukutua," mwenzake akadakia.

"Nyamazeni," tajiri akasema. Akamgeukia Mwonjaji, kwa upole kabisa. "Ndugu yangu, haya ni kweli?"

Angeweza kusema hapana. Mungu anajua ningelimeza neno hilo, ningerudi zangu nimeitwa mwongo, na ningeshukuru.

"Ni kweli," akasema. "Dada huyu hasemi uongo."

"Basi yamekwisha," tajiri akasema. "Aliyeingia dini ni kama aliyezaliwa leo. Hakuna aliyekuuliza, na hakuna atakayekuuliza." Alisema kwa moyo safi, sina neno naye. Lakini jicho lake lilishuka mara moja kwenye zile funguo. Mara moja tu, wala si kwa ubaya. Mwonjaji akaliona. Akavua ile kamba taratibu, akaiweka mezani karibu na mizani.

"Sijazitaka," tajiri akasema.

"Najua, mzee."

Kisha akanigeukia mimi. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Dada, umekula?"

"Bado. Kaka, nilitaka kukwambia..."

"Umetoka mbali. Kaa hapo kwenye gunia, nikuletee chai."

Akaegemeza ufagio ukutani, akavaa makubadhi yake, akashuka kizingiti. Nilimtazama akivuka barabara. Alipita kibanda cha chai bila kusimama, na mimi nikadhani anajua penye chai nzuri zaidi. Akakata kona ya soko.

Hakurudi siku ile, wala kesho yake, wala Mbeya nzima hakuna aliyemwona tena. Lakini mimi hayo nilikuwa sijayajua bado. Nilikaa juu ya gunia, mikono magotini. Wachukuzi waliacha mzaha, wakatoka mmoja mmoja. Alasiri mtu mwingine alikuja kuchukua zile funguo. Jua lilipofika kizingitini, tajiri aliniletea kikombe cha chai kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Kunywa, mama, inapoa."

Nikamwambia asante, baba, nina yangu inakuja.